Barua ya wazi: Kipande kilipanda gari, figo ikapanda matatu

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu wa hospitali ya rufaa alikotibiwa binti yangu
Mwenyekiti wa kamati ya maadili ya utafiti ya hospitali hiyo
Mtafiti mkuu wa mradi uliokusanya sampuli za saratani za uvimbe za watoto

Nakala: wazazi wenzangu wa wodi ya watoto

Kayole, Nairobi

Waheshimiwa,

KUH: SAMPULI YA BINTI YANGU NA UTAFITI WA SARATANI ZA UVIMBE KWA WATOTO

Nawasalimu kwa heshima. Jina la hospitali sijaliandika na sitaliandika. Wauguzi wa wodi ile walimbembeleza mwanangu usiku ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeishiwa, na sitaki mtu asome hapa kisha aende kuwatusi getini. Mnaohusika mnajijua. Barua yangu ya kwanza mliipokea mkaigonga muhuri. Ya pili mkaigonga muhuri. Mara ya tatu nilikuja mwenyewe, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, nikaambiwa mwenye faili yuko mkutanoni. Nina mihuri miwili na sina jibu, ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Binti yangu yu hai. Nalisema mapema kwa sababu najua swali litakalokuja: aliyeponewa analalamikia nini? Ana miaka tisa, figo moja, na kelele za watoto watatu. Shukrani zangu mlizipata siku tuliyotoka wodini, pamoja na keki. Haya ninayoandika sasa ni deni, na deni halifutwi na keki.

Mimi ni fundi wa nguo. Uvimbe ule niliuona kwa zipu kabla ya kuuona kwa mkono. Gauni nililomshonea Krismasi ya 2018 lilikataa kufunga Februari, nikafurahi kwamba mtoto amenenepa, mpaka nilipoona mabega yamelegea. Kiuno kimeongezeka inchi mbili, bega limepungua. Hakuna mtoto anayenenepa hivyo. Zahanati ya kwanza ilitupa dawa ya minyoo. Ya pili ikasema ni bandama, mambo ya malaria. Ya tatu tulimkuta daktari kijana aliyeweka kiganja tumboni mara moja, akakiondoa kama aliyegusa sufuria ya moto, akaandika rufaa akiwa amesimama. Nilikuja kujua baadaye kwamba uvimbe wa Wilms, huu wa figo unaowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, haubonyezwi ovyo. Ukipasuka humwaga saratani tumboni. Kijana yule hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na kiganja, na kitu alichofundishwa darasani akakikumbuka.

Tukapewa kemo, yaani dawa kali za saratani, ya wiki nne kuupunguza uvimbe, kisha theta, chumba cha upasuaji. Siku ya upasuaji naomba muifuate taratibu, kwa sababu barua yote inatoka hapo.

Asubuhi, mtoto akiwa tayari amevalishwa gauni la kijani, alikuja kijana nadhifu wa mradi na kisanduku cha barafu cha rangi ya samawati. Akanipa karatasi sita za Kiingereza na kalamu. Akaniambia kipande kidogo cha uvimbe kitachukuliwa kwa utafiti utakaowasaidia watoto wengine. Nilitia sahihi. Siku ile ningetia sahihi hata angeniomba figo yangu mimi. Uvimbe ulipotoka, kipande cha mradi kikaingia kwenye kichupa, kichupa kwenye barafu, barafu kwenye gari lililokuwa linangoja chini huku injini inanguruma. Nilikiona kikiondoka, kupitia dirisha la korido.

Saa kumi jioni nikaitwa. Sista alinikabidhi kindoo cheupe cha plastiki, kama vile vya mafuta ya kupikia, kifuniko kimezungushiwa plasta. Ndani yake ilikuwa figo ya binti yangu pamoja na uvimbe, ndani ya formalini. Ilitakiwa ikapimwe ijulikane saratani ni ya aina gani na imefika hatua ya ngapi. Mashine ya lebu ya hospitali ilikuwa imeharibika, au mtu wa kukata slaidi alikuwa likizo. Nilipewa sababu zote mbili siku hiyohiyo, na watu wawili tofauti. Nikaambiwa niipeleke lebu ya kibinafsi mjini, nilipe shilingi 6,000 mwenyewe. Nikakifunga kindoo kwa kipande cha kitenge kilichokuwa kwenye mkoba wangu wa kazi, nikapanda matatu. Makanga akaniambia niweke mzigo chini ya kiti. Nikakataa. "Mathe, umebeba dhahabu?" akaniuliza, na watu wakacheka. Formalini ina harufu kali. Mwanamume aliyekaa kando yangu akafungua dirisha bila kusema neno. Nilikishika mapajani mpaka mjini, na kila matatu iliporuka tuta nilikuwa nabonyeza kifuniko kwa viganja vyote viwili.

Kwa hiyo malalamiko yangu ni haya.

1. Ripoti ya lebu ilichelewa, na kuchelewa kwake kukaingia mwilini mwa mtoto.

Ilitoka wiki ya kumi na moja. Wiki ya kumi na moja! Wasomaji ambao hawajapita kwenye wodi ile huenda wakadhani ripoti ni karatasi ya kuweka kwenye faili. Ripoti ndiyo inayochagua dawa. Baada ya upasuaji, watoto wengi wenye uvimbe wa Wilms huendelea na vinkristini na aktinomaisini. Wale ambao ugonjwa wao ni mkali zaidi huongezewa doksorubisini, ile dawa nyekundu, ambayo mtoto akishapewa mkojo wake hugeuka rangi na mama asiyeambiwa mapema hupiga mayowe. Doksorubisini huponya watu wengi. Pia inajulikana kwamba inaweza kuudhuru moyo, wakati mwingine miaka mingi baadaye.

Daktari wetu hakuwa na ripoti mkononi. Akafanya ambalo mtu mwangalifu angefanya: akachukulia hali ni mbaya, akaiongeza nyekundu. Binti yangu alipata dozi mbili. Ripoti ilipofika ikasema hatua ya pili, hatari ya kati. Nyekundu ikasimamishwa siku hiyohiyo.

Sasa hapa ndipo ninapoumia. Kundi la madaktari wa saratani za watoto la SIOP lilifanya jaribio kubwa juu ya swali hilihili: mtoto wa hatua ya pili au ya tatu, mwenye aina ya hatari ya kati, anaihitaji kweli doksorubisini? Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2015. Jibu lilikuwa kwamba inaweza kuachwa na watoto wakaendelea kuishi vilevile. Sisi tuliingia wodini 2019. Jibu lilikuwa limeshapatikana miaka minne kabla, na daktari wetu alilijua, maana ndiye aliyenieleza. Watoto wa watu walikubali kuingia kwenye jaribio lile ili wangu asipewe sumu asiyoihitaji. Kilichomkosesha faida hiyo ni mashine ya kukata slaidi.

Daktari aliniambia dozi mbili ni kidogo, na hatari yake ni ndogo. Namwamini. Lakini ndogo si sufuri, na moyo ni wa mwanangu.

2. Hamkurudi kutuambia mlichokipata.

Ni zaidi ya miaka sita tangu kile kisanduku cha samawati kiondoke. Sijui kama kipande kilifika lebu kikiwa kizima, kama kilichunguzwa, kama kilipelekwa ng'ambo, kama bado kimelala kwenye friza, au kama umeme ulipotea siku moja kikatupwa. Sijaomba hisa. Sijaomba jina la mtoto wangu liandikwe popote. Nimeuliza maswali mawili: kiko wapi, na mliona nini.

Azimio la Helsinki, ambalo tangu 1964 madaktari wa dunia hulitumia kama mwongozo wa utafiti unaohusu binadamu, linataka washiriki wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla. Kamati ya maadili haiwezi kuniambia hailijui. Na hapa nyumbani, Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 za kujibu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, na kwa mtoto haki hiyo hushikwa na mzazi. Barua yangu ya kwanza sasa ina miezi kumi na minne.

3. Fomu ya ridhaa.

Ilikuwa ya Kiingereza. Nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza nasoma, lakini si asubuhi mtoto akiwa anaingizwa theta. Mama wa kitanda cha tatu aliweka dole gumba. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi ya nchi hii, kwa kifungu cha 7 cha Katiba. Si hisani kumwandikia mtu kwa lugha anayoielewa. Tena kuna wakati wa kuomba. Tulikuwa wodini wiki nne nzima tukipewa kemo, tukisukana nywele na kuhesabu matone ya dripu. Mngeweza kuja siku yoyote kati ya hizo.

4. Maswali mnayotafiti na maswali tuliyo nayo hayakutani.

Nieleweke. Sipingi sayansi kubwa. Nimesoma, usiku baada ya kufunga duka, kwamba mwaka 2023 madaktari wa hospitali ya watoto ya Bambino Gesù kule Roma walitoa taarifa ya watoto 27 wenye nyuroblastoma, saratani ya watoto inayoanzia kwenye chembe changa za neva, iliyorudi au iliyokataa dawa. Walichukua chembe za kinga za mtoto mwenyewe, wakazibadilisha ziitambue alama iitwayo GD2 iliyo juu ya uvimbe ule, wakamrudishia mwilini. Uvimbe uliitikia kwa asilimia 63 ya watoto hao. Nilisoma mara tatu. Saratani ya damu ilikuwa imeanza kutibiwa kwa njia hiyo miaka kadhaa kabla, lakini uvimbe mgumu ulikuwa unawashinda, kwa sababu chembe lazima kwanza zipenye ndani, na uvimbe una namna yake ya kuzilaza usingizi. Kwa hiyo habari ya Roma ni habari njema, na natamani siku moja iandikwe habari kama hiyo kutoka Nairobi.

Lakini tazameni uvimbe wa Wilms wenyewe ulivyoshindwa. Max Wilms, daktari wa upasuaji Mjerumani, aliandika kitabu juu yake mwaka 1899, na enzi hizo kuupata kulikuwa karibu sawa na kufa. Katika miaka ya 1950 Sidney Farber na wenzake kule Boston wakajaribu aktinomaisini. Ikaja vinkristini, ambayo asili yake ni ua la Madagaska, lile la waridi lenye jicho katikati, ambalo jirani yangu amelipanda kando ya bafu na hana habari. Kisha, kuanzia 1969 Marekani na 1971 Ulaya, yakaanza majaribio ya mfululizo, moja likiisha lingine linaanza. Na maswali yao hayakuwa ya ajabu. Dawa moja au mbili? Miezi sita au kumi na tano? Nani apigwe mionzi na nani aachwe? Ni maswali ya fundi: punguza hapa, ongeza pale, jaribu tena. Leo katika nchi tajiri watoto tisa kati ya kumi wenye uvimbe huu hupona.

Afrika pia imefanya, tena bila mashine za Roma. Mwaka 2014 ulianza mradi wa ushirikiano wa uvimbe wa Wilms barani Afrika, katika hospitali za nchi kama Malawi, Ghana na Kameruni. Hospitali zote zikafuata mwongozo mmoja wa matibabu, na familia zikasaidiwa gharama za matibabu na nauli. Walioacha matibabu njiani wakapungua kutoka asilimia 23 hadi 12. Waliokuwa hai bila ugonjwa wakapanda kutoka asilimia 52 hadi karibu 69. Nauli, waheshimiwa. Watu walikaa wakapima nauli, wakaiandika kwenye jarida la kisayansi, na watoto wakaishi.

Hapa Kenya, watafiti wa Eldoret walishaonyesha kwamba watoto wa saratani waliokuwa na bima walifanya vizuri kuliko wasiokuwa nayo. Yaani hata hapa petu wapo wanaouliza maswali ya wodi. Nauliza kwa nini mradi wenu haukuwa mmoja wao.

Kitanda cha jirani kwetu alilala mvulana wa miaka kumi na minne kutoka Kitui. Alikuwa na uvimbe wa mfupa, juu kidogo ya goti. Babake aliambiwa mguu utakatwa. Jioni ile alikuja kukaa nami, akaongea habari za mvua, za mbuzi, kisha akaniuliza, kwa kuwa alijua mimi ni fundi, suruali ya mguu mmoja hushonwa vipi: mguu wa pili hukunjwa ukashikizwa, au hukatwa? Nikamwambia hukunjwa, ili akipata mguu wa bandia ikunjuliwe. Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake kitanda kilikuwa kitupu. Kwenye faili aliandikwa "ametoroka".

Sampuli ya mvulana yule mlikuwa nayo. Namba ya simu ya babake mlikuwa nayo. Kwa nini mtoto anatoroka kemo ni swali la utafiti kama lilivyo swali la jeni. Shirika la Afya Duniani linasema watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka, na kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona huku katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wakipona chini ya 30. Shirika hilo liliweka lengo mwaka 2018: kufikia 2030, angalau asilimia 60 waishi, na uvimbe wa Wilms ni mmoja wa saratani sita zilizochaguliwa kuongoza kazi hiyo. Tofauti kati ya 80 na 30 haimo yote kwenye friza. Sehemu kubwa iko Kitui.

5. Kemo ikiisha, na nyinyi mmekwisha.

Nilipewa kadi ya kliniki ya mwaka mmoja. Niliuliza moyo utapimwa lini tena, nikaambiwa nirudi "ukiona dalili". Moyo wa mtoto aliyepewa doksorubisini haungojewi uonyeshe dalili. Mwaka jana nilimpeleka mwenyewe kupimwa, nikalipa kwa pesa za sare za shule nilizoshona. Uko sawa, Mungu ashukuriwe. Kipimo kile kingekuwa data nzuri sana kwa mtafiti. Watoto wa Kiafrika waliopona wanakua vipi na figo moja, na moyo uliopitiwa na dawa nyekundu? Mnao hapa mjini, wanasoma, wanacheza kati. Hamjawaita.

6. Kwenye kamati yenu ya maadili sijawahi kusikia kuna mzazi hata mmoja aliyelala chini ya kitanda cha wodi ile.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa mengine nimeshayasikia mlangoni kwenu.

Mtasema sampuli ziliondolewa majina, haziwezi kurejeshwa kwa mtu. Nakala yangu ya fomu ina namba, na namba hiyohiyo ilibandikwa kwenye kichupa nikiona. Na hata kama majina yamefutwa, matokeo ya jumla hayahitaji jina la mtu.

Mtasema utafiti huchukua muda. Sawa, basi niambieni "bado". Neno "bado" lina herufi nne na halina gharama.

Mtasema wazazi hatutaelewa. Waheshimiwa, ndani ya wiki mbili kila mama wa wodi ile anajua himoglobini ya mwanawe, platileti zake, na siku ambayo damu imeshuka mno kiasi kwamba kemo lazima isogezwe. Kuna mama muuza mboga aliyemkumbusha daktari wa zamu kwamba vinkristini haichomwi mgongoni. Mama huyo alikuwa amekosea, hakuna aliyekusudia kuichoma mgongoni, lakini alikuwa amesoma kwamba ikipitia huko huua, na ni kweli huua. Tutaelewa.

Mtasema wengine watoto wao walifariki, na kuwaletea matokeo ni kuwatonesha kidonda. Hili nalichukulia kwa uzito. Nimewauliza wanne kati yao. Watatu walitaka kujua. Wa nne alisema asipigiwe simu kamwe. Waulizeni, kila mmoja na lake.

Halafu mtasema pesa. Ni kweli Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilikusudia asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti kila mwaka, na hatujafika huko. Ni kweli kifurushi cha saratani cha SHA, bima ya afya ya serikali, kilipoanza kilikuwa na kikomo, shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka na 150,000 za mfuko wa magonjwa sugu juu yake, na kwa familia yenye mgonjwa mmoja tu wa saratani zingeweza kuisha kabla ya Agosti. Hayo hamkuyaunda nyinyi. Lakini gari lililobeba kipande lilikuwa na mafuta. Barafu ilikuwepo. Mradi ulikuwa na pesa za kuhifadhi uvimbe wa watoto na haukuwa na shilingi 6,000 za kuusoma. Aliyeandika bajeti ile alikuwa na kalamu mkononi, na mwenyekiti wa kamati ya maadili aliipitisha.

Ninachoomba:

Kwanza, ndani ya siku 21 tangu barua hii kuwafikia, nijibiwe kwa maandishi sampuli ya binti yangu iko wapi na imetumika kwa nini. Ikiwa ilitupwa, mniambie ilitupwa.

Pili, kila mradi utakaochukua kipande cha uvimbe wa mtoto kwenye hospitali hiyo ulipie pia upimaji wa lebu wa mtoto huyohuyo na usafiri wake, na kamati isipitishe bajeti isiyo na kifungu hicho. Hili ndilo ninalolitaka kuliko yote. Mkinipa hili moja mkaninyima mengine, nitanyamaza kwa mwaka mzima.

Tatu, muda kati ya theta na ripoti uandikwe na ubandikwe ukutani wodini kila mwezi. Msipoweza kuupunguza, angalau tuuone.

Nne, fomu za Kiswahili, na ziletwe kabla ya siku ya upasuaji.

Tano, muiteni kila mtoto aliyepona, mpime moyo na figo, na muandike. Mtakuwa na utafiti ambao Roma hawana.

Sita, viti viwili vya wazazi kwenye kamati. Si lazima niwe mimi. Mama muuza mboga anatosha.

Siku 21 zikipita, barua hii pamoja na zile mbili zenye mihuri nitazipeleka ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma. Hilo nalisema bila hasira. Ni utaratibu tu wa kisheria na mimi nimeshaujua.

Nakala ya fomu iko kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini, pamoja na karatasi ya lebu. Namba ya sampuli inasomeka vizuri isipokuwa tarakimu ya mwisho, ambayo iliingia tone la chai. Ni 3 au 8. Nikiitwa nitakuja nayo, siku yoyote isipokuwa Jumamosi, siku ya wateja.

Wenu kwa heshima,

Mzazi
Kayole, Nairobi